Njia za Miguu Kati ya Mto Ruvu na Vilima vya Pugu

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa motokaa huipita Kibaha kwa dakika chache tu. Haoni ila maduka, vituo vya mabasi na nyumba mpya, na upande mmoja wa mji iko Tumbi, penye hospitali ijulikanayo katika mkoa wote wa Pwani. Ukimwuliza msafiri huyo, "Umeona njia ngapi?" atajibu, "Moja." Lakini mwulize mwenyeji wa pale, naye atahesabu hata vidole vya mikono vimwishie: njia ya kisimani, njia ya shamba, njia ya makaburini, njia ya kushukia bonde la mto Mpiji, njia ya kwendea Soga kwenye reli, na njia za Kisarawe. Habari za njia hizi nyembamba, zisizoandikwa katika ramani ya msafiri, ndizo nipendazo kuwaeleza wasomaji wetu.

Nina sababu mbili za kuziandika. Ya kwanza ni kwamba habari za nchi ya Uzaramo ziliandikwa kwa miguu ya watu katika njia zake, kabla hazijaandikwa kwa kalamu. Ya pili ni kwamba njia hizi zinafungwa moja moja, nazo zikifungwa hazipigiwi mbiu wala kuandikiwa tangazo. Asubuhi moja watu huamka, wakaona ukuta mahali walipopita jana.

1. Neno lenyewe

Tuanze na neno, maana maneno nayo yana asili yake. Waswahili husema *njia*, na Wazaramo husema *nzila*. Wachewa husema *njira*, Wakikuyu husema *njira* vilevile, Wabemba husema *inshila*, na Wakongo walio mbali sana upande wa magharibi husema *nzila* kama Wazaramo. Haya yote ni neno moja. Kiswahili kina desturi ya kuiacha *l* ikaaye kati ya irabu mbili. Ndiyo maana wengine wasemapo *mvula*, Mswahili husema *mvua*. Na *njila* ya kale imekuwa *njia*. Basi Mswahili wa Bagamoyo na Mzaramo wa Kisarawe wanashika njia moja katika usemi wao, ila yule wa kwanza ameiangusha herufi moja safarini.

Tena yapo maneno yaliyozaliwa katika njia za nchi hii, nasi twayatumia leo pasipo kukumbuka yalikotoka. Neno *hongo* ni mojawapo. Siku hizi hongo ni fedha ya siri apewayo mtu ili aipotoshe haki, na kila mtu huliona neno hilo kuwa la aibu. Lakini katika siku za misafara hongo haikuwa ya siri. Ilikuwa ushuru uliotolewa mchana mbele ya watu, nguo au shanga au waya, apewe mwenye nchi ili awape wageni ruhusa ya kupita, kuteka maji na kulala salama. Katika Uzaramo waliopokea hongo ni wakuu walioitwa Pazi. Ugomvi haukukosa, maana mwenyeji alitaka zaidi na mgeni alitaka kutoa kidogo; lakini hakuna aliyekana kwamba njia ina mwenyewe. Misafara ilipokoma, neno likabaki bila kazi, likashuka hadhi mpaka hapo tulionalo leo.

*Posho* nalo ni neno la njiani, chakula cha siku cha mpagazi. *Kirangozi* alikuwa mtu wa mbele, mwenye bendera, aijuaye njia. Kwa lugha ya leo twasema *kiongozi*, na wengi wamsemao hawakumbuki kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kutangulia kwa miguu. *Terekeza* ulikuwa mwendo wa alasiri, wa kuvuka nyika isiyo maji ili msafara ulale katikati na kuyafikia maji kesho yake.

Majina ya mahali pia hushuhudia. Katikati ya mji wa Kibaha paitwa Maili Moja, jina la watu waliopima mwendo. Uko mtaa uitwao Mwendapole, nao hutukumbusha methali isemayo kwamba mwenda pole hajikwai. Iko kata iitwayo Viziwaziwa, na kila aliyepata kutembea wakati wa kiangazi ajua jinsi jina la maji lilivyo tamu masikioni mwa msafiri.

2. Jinsi njia ifanyikavyo

Njia ya miguu haina mpimaji. Mtu mmoja hupita, na wa pili hufuata alama za nyasi zilizolala. Wa kumi huiona ardhi wazi, na wa mia huona njia. Upana wake ni wa mtu mmoja, kwa hiyo watu huandamana mmoja nyuma ya mwingine, na mazungumzo hurushwa juu ya bega. Tena hainyoki. Mti ukianguka juu yake, mwenye mzigo kichwani hausukumi, bali huuzunguka. Mti huoza, mchwa huumaliza, lakini kombo lile hubaki, na wajukuu wake hulifuata pasipo kujua kwamba wanauzunguka mti ulioanguka zamani zao hawajazaliwa.

Zipo sheria zake pia, ingawa hazikuandikwa. Mwenye mzigo hupishwa na asiye na mzigo. Anayekuja hutangulia kusalimu kwa mbali ili asimshtue mwenziwe, na mdogo humwamkia mkubwa hata kama hamjui. Njia panda ni mahali pa kuogopwa, maana huko wengi walimwaga dawa na kuacha vyungu vilivyovunjika, ili ugonjwa ushike njia nyingine. Na alama moja ilijulikana na watu wote, wenyeji na wapagazi: tawi bichi likilazwa kukingama njia, maana yake, "Huku siko, waliotangulia wameshika ile nyingine." Wazungu wa kwanza walioandamana na misafara waliiona alama hii wakaiandika. Hapo twaona kwamba zamani hata kuifunga njia kulikuwa kusema na watu. Aliyefunga alimwonyesha mwenziwe pa kupita.

3. Chumvi, sandarusi na minyororo

Njia za Uzaramo nyingi hutoka bara kushuka pwani, na sababu yake ni mahitaji ya watu. Pwani kuna chumvi, samaki na nguo. Bara kulikuwa na nafaka, na katika ardhi ya Uzaramo watu walichimba sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, ambao katika karne ya 19 ulinunuliwa sana na wafanya biashara wa Unguja kwa ajili ya rangi za kung'arisha mbao.

Wazee wa Kizaramo husimulia kwamba Washomvi wa pwani walipozidiwa na Wakamba waliowashambulia, walimwita Pazi, mwindaji shujaa kutoka bara, naye akawafukuza adui. Kwa shukrani Washomvi wakakubali kumpa yeye na wazao wake fungu la mali kila mwaka. Hadithi hii yaeleza kwa nini Mzaramo alipokwenda pwani hakujiona mgeni. Aliifuata njia ya haki yake.

Wako pia waliokwenda upande wa pili. Mvua ilipokosekana, wajumbe wa Kizaramo walifunga safari ya siku nyingi kwenda milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Martin Klamroth, mmisioni wa Berlin aliyekaa kati ya Wazaramo, aliziandika habari hizi kabla ya vita ya 1914.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakapanda kwa kufuata bonde la mto Kingani, ndilo jina lililotumika pwani kwa mto Ruvu. Walipita Dege la Mhora, mahali alipouawa Mfaransa Maizan mwaka 1845. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, wakashika tena njia za Uzaramo. Vitabu vingi husema watu hao "walivumbua" njia ya kwendea maziwa makuu. Lakini mbele yao alitangulia kirangozi, na pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, aliyesafiri katika safari zote mbili na baadaye akaenda na Stanley na Cameron pia. Njia waliyoiandika ilikuwa imekanyagwa na watu wa nchi siku nyingi. Wageni waliiandika, nayo hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Ila kuandika si kuvumbua.

Tena tusizisifu njia kupita kiasi. Hizo zilizochukua chumvi zilichukua na watu waliofungwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipotia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kuchukuliwa baharini, wenye biashara hiyo waliwapeleka kwa nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Frederic Elton, Mwingereza aliyekwenda kwa miguu kutoka Dar es Salaam hata Kilwa katika msimu wa 1873 na 1874, alikutana na misafara ya watu hao njiani. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Ardhi haikuchagua ni miguu ya nani ikanyage, na mwalimu awaonyeshaye watoto njia za kale hana ruhusa ya kuwaficha habari hizi.

4. Barabara iliyokufa

Sasa nitaeleza habari ya barabara moja, maana ndani yake limo fundisho. Mwaka 1877 Waingereza wawili wenye mali, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, walianza kukata barabara pana kutoka Dar es Salaam kuelekea ziwa Nyasa. Walikusudia magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite, ili biashara ya bara isichukuliwe tena vichwani mwa watu. Kazi ikaendelea mwaka hata mwaka, miti ikakatwa, madaraja yakajengwa, na barabara ikafika maili zipatazo 70. Lakini mbung'o waliwaua ng'ombe, na fedha ya walio Ulaya ikapungua pamoja na tamaa yao. Mwaka 1881 kazi ikaachwa, na kichaka kikaimeza barabara.

Linganisha hiyo na njia ya kisimani. Barabara ilikuwa na wahandisi, majembe, mashoka na fedha. Njia ya kisimani haikuwa na kitu ila mwanamke mwenye mtungi. Ile ya kwanza ilikufa kabla haijatimiza miaka mitano, na hii iliishi vizazi. Kwa nini? Kwa sababu barabara ile ilikatwa ili iwapeleke watu wa mbali mahali pa mbali, wala haikuwa haja ya jirani kwa jirani. Mwenye kuifanya alipoondoka, hakubaki mtu wa kuikanyaga. Njia haishikwi na amri wala na gharama. Hushikwa na miguu ya watu wenye haja nayo kila siku.

5. Wamisioni, vita na reli

Wamisioni wa kwanza wa nchi hii walizijua njia hizi kwa nyayo zao. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walijenga Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita ya Abushiri, misioni yao ilishambuliwa. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine walitekwa, wakakombolewa baadaye. Wamisioni wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mwalimu aliyetumwa kwenye shule ya kijiji katika siku hizo alikuwa mtu wa njia: Jumatatu huku, Jumatano kule, na mzigo wake ni vitabu, chumvi na mkeka.

Mwaka 1905 habari ya maji ya dawa ilienea hata Uzaramo, nayo ilikwenda kwa miguu tu, kutoka kinywa hata sikio. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na simu ya waya, lakini waya ulikwenda bomani, na njia zilikwenda kila nyumba. Kwa ajili ya vita ya Maji Maji jumbe Kibasila alinyongwa. Leo jina lake limo katika shule ya sekondari huko Dar es Salaam.

Mwaka huohuo wa 1905 reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Watu wengi walidhani njia za miguu zimekwisha. Kumbe zilizokwisha ni zile ndefu za misafara. Njia fupi ziliongezeka, maana kila stesheni ilivuta vijia vipya kutoka vijijini, kama kisima kivutavyo. Na reli yenyewe ikafanywa njia: wanawake wenye matenga ya maembe na watoto wa shule walitembea kando ya vyuma, kwa kuwa pale pamenyooka na hapana umande.

6. Maji na mji mpya

Mambo mawili yaliyofuata yaligeuza nchi kuliko reli. La kwanza ni maji. Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuyapeleka maji ya mto huo Dar es Salaam kwa mabomba, na mwaka 1976 ukafuata mtambo wa Ruvu Chini. Hapo zamani watu waliufuata mto. Sasa mto ukaanza kuwafuata watu. Palipofika bomba, njia ya kisimani ilianza kuota nyasi. Hakuna mwenye akili asikitikaye kwamba mama amepumzishwa mtungi. Lakini yafaa tujue kwamba kisimani ndiko wanawake walikokutana, wakapeana habari, wakapatanishwa. Mkutano ule umekwisha pamoja na njia yake.

La pili ni Kibaha yenyewe. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha hapo mradi mkubwa wa pamoja, wa kuwafundisha wakulima, kusomesha vijana na kutibu wagonjwa. Shule ya sekondari ilifunguliwa mwaka 1965, na kituo cha afya kikawa mwanzo wa hospitali ya Tumbi. Tarehe 10 Januari 1970 kazi yote ikakabidhiwa mikononi mwa serikali ya Tanzania, ikaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Watu wakaja kutoka mikoa yote, na mahali palipokuwa mikorosho na vichaka pakawa mji. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kasi juu ya reli mpya kutoka Dar es Salaam, zikipita Pugu, Soga na Ruvu kama zile za kale. Lakini reli hii ina uzio, na mwenye miguu huivuka mahali palipowekwa kivuko tu.

7. Matembezi matatu

Nadhani wasomaji walio walimu watauliza, "Tuwapeleke wapi watoto?" Nitataja matembezi matatu mepesi, yasiyohitaji nguvu za kijana wala kamba za kupandia milima.

La kwanza ni kutoka Tumbi kushuka bonde la Mpiji. Ardhi ni ya mchanga, nyepesi kwa mguu, na kando yake mna mikorosho, mihogo na miembe. Watoto waambiwe waitazame miembe mikubwa sana iliyosimama peke yake kichakani, maana mara nyingi mwembe wa namna hiyo huonyesha palipokaa watu zamani. Mpiji ni mto mdogo. Wakati wa kiangazi huonekana kana kwamba si kitu, na wakati wa masika hukataa kuvukwa.

La pili ni kutoka Mlandizi kwenda karibu na mto Ruvu. Huko nchi ni tambarare, na udongo wake ni mweusi, unaonasa mguu wakati wa mvua. Afadhali kwenda kati ya Juni na Oktoba. Mto huu hutoka milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Usimruhusu mtoto kushuka majini, maana mamba na viboko wamo. Uwaketishe juu ya ukingo, uwaambie kwamba Burton, Speke, Grant na Bombay walifuata bonde hilihili.

La tatu, nalo ndilo zuri kuliko yote, ni kutoka Kisarawe kupita Minaki hata msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Vilima hivi havifiki mbali juu ya mita 300 kutoka baharini, hata mzee aweza kuvipanda akipumzika mara mbili. Minaki ndipo Chuo cha Mtakatifu Andrea kilipohamia mwaka 1925 kutoka Kiungani, Unguja, na walimu wengi wa nchi hii walifundishwa hapo. Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha, hata mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aitumikie siasa ya kudai uhuru. Katika vilima hivi vimo vijito ambavyo ni mwanzo wa Msimbazi upitao Dar es Salaam, na udongo mweupe wa kufinyangia vyombo, uliochimbwa hata yakabaki mapango ambamo popo hukaa. Msitu ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo sharti kupata ruhusa langoni, na kumfuata kiongozi. Naye mwanafunzi ataona ya kwamba kirangozi hajafa, bali amebadili nguo.

8. Njia iliyofungwa

Mwaka jana nilitembea pamoja na vijana wa shule moja, si mbali na Tumbi. Tulikusudia kufuata njia ambayo mzee mmoja alinieleza, ipitayo kando ya makaburi ya ukoo wao na kushuka bondeni. Tulikwenda vizuri kwa muda, kisha njia ikatugonganisha na ukuta. Haikupinda wala kufifia. Ilikwenda moja kwa moja mpaka chini ya matofali, kana kwamba inaendelea upande wa pili. Karibu yake alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye kuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, baba." Nikamwuliza, "Njia imekwenda wapi?" Akasema, "Njia haikwenda mahali, baba, iko hapo chini. Tuliofukuzwa ni sisi." Kisha akatueleza kwamba mwaka ule walipomzika ndugu yake, jeneza lilizungushwa kwa barabara ya motokaa, mwendo wa saa nzima, kufika makaburini yanayoonekana kwa macho kutoka uani kwake.

Simlaumu aliyejenga. Alinunua kiwanja chake kwa haki, na katika karatasi ya kiwanja hapakuwa na njia, kwa kuwa aliyepima hakuambiwa, na waliojua hawakuulizwa. Hapo ndipo ilipo kasoro. Njia iliyokanyagwa na vizazi vinne ilikufa kwa kukosa mtu mmoja wa kuiandika.

Nchi yetu haikukosa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yatambua haki ya watu kupita, na vijiji vyapanga matumizi ya ardhi yake. Lakini sheria haiwezi kuilinda njia isiyo na jina katika maandishi. Na nani atayaandika majina hayo? Mpimaji hukaa siku tatu, akaondoka. Mwenye gari haijui njia. Mwenye kujua ni mzee, naye mzee haandiki. Baki mwalimu: yeye ana daftari, ana vijana wenye miguu, na wazee humheshimu.

Basi nawasihi wenzangu. Kila shule na ichague njia tatu za kijiji chake kwa mwaka. Vijana wazitembee pamoja na mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, waandike jina la njia, inakotoka, inakokwenda, nani aliipita na kwa haja gani, na majina ya visima, miti na mabonde yaliyo kando yake kama wenyeji wayatajavyo, kwa Kizaramo au kwa Kiswahili. Nakala moja ikae shuleni, ya pili ipelekwe kwa serikali ya kijiji au ya mtaa kabla wapimaji hawajafika. Kazi hii haina gharama ila nyayo na wino. Tena isingojee, maana wazee wanaojua hawaongezeki.

Siku ile tuliporudi kutoka ukutani, vijana walimsaidia yule bibi kuchukua kuni zake, tukazunguka naye kwa ile barabara ndefu. Mmoja wao alikuwa na daftari. Alimwuliza jina la njia iliyofungwa, naye akalitaja, akaliandika. Asubuhi ya pili nilipoingia darasani nikaliona limeandikwa ubaoni, na chini yake mwenziwe ameongeza jina la njia ya kwao.